Mtambuzi wa Alama Moja

Msomaji mpenzi, kama hujapata kukaa kando ya kisima cha mchangani wakati wa jua kali, pale ambapo mifugo ya maboma sita au saba hukutana kunywa maji, basi hujaona kazi ya kutambua ilivyo. Mbuzi huja kwa mamia. Vumbi hupanda, watoto hupiga kelele, kengele za ngamia hulia, na machoni pa mgeni mbuzi wote ni mbuzi tu. Walakini baba yangu, ambaye hakupata kushika kalamu maishani mwake, aliweza kusimama ukingoni mwa mto mkavu wa Tarach, karibu na Kakuma, akanyosha fimbo yake katikati ya vumbi lile na kusema, "Yule si wetu." Alikuwa ametazama sikio. Sisi Waturkana hukata masikio ya mifugo na kuchoma chapa katika ngozi ili kila mtu ajue mali yake, na mchungaji hodari haitazami rangi ya mbuzi wala ukubwa wake, huitazama alama.

Nimeanza na masikio ya mbuzi kwa sababu jambo nitakalo kukueleza ni jambo la kutambua. Mimi ni mpimaji wa maabara mjini Lodwar, na kazi hiyo naifanya tangu mwaka 2001. Kila siku hutumia chombo ambacho wengi wamekiona na wachache wamekifikiri: ukanda mwembamba wa karatasi ndani ya kijumba cha plastiki, ambao ukitiwa tone la damu huchora mstari mmoja au miwili. Ndani ya ukanda ule mna mchungaji mdogo mno, asiyeonekana kwa macho, ambaye anajua alama moja tu katika ulimwengu wote, na asipoiona hasemi neno. Jina lake ni kingamwili ya ukoo mmoja. Lakini kabla sijakujulisha kwake yanipasa nikupeleke nyuma, kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu, kwa kuwa ni tumbo lake lililonifanya nitake kujua mambo haya.

Mwaka 1984, nilipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, tumbo la mama mkubwa lilianza kuvimba. Hapo mwanzo watu walifurahi. Alikuwa ameolewa miaka saba bila ya kujaliwa mtoto, na sasa wanawake walimwimbia, na mumewe alitembea kama mtu aliyepata ngamia kumi. Miezi tisa ikapita, ikapita kumi na miwili, na mtoto hakuzaliwa. Furaha ikageuka kuwa mnong'ono. Wako waliosema amerogwa. Wako waliosema, na maneno hayo yalimuumiza zaidi, kwamba tangu mwanzo alijua hana mimba, akadanganya ili asirudishwe kwao. Akaitwa emuron, mwaguzi wetu, naye akachinja mbuzi na kuyasoma matumbo yake kama ilivyo desturi. Akaona jambo, akalisema, nalo halikumfaa mgonjwa.

Sitamcheka emuron yule. Yeye naye alikuwa akitafuta alama. Tena, sasa ninapokumbuka, nashikwa na mshangao, kwa maana yamkini alama yenyewe ilikuwamo kweli ndani ya mbuzi yule. Ini la mbuzi wa kwetu mara nyingi lilikuwa na vifuko vya maji, vidogo kama tone na vikubwa kama ngumi, nasi watoto tulivikata na kuvitupa kwa mbwa pamoja na mapafu mabovu. Mbwa walivila kwa furaha. Hakuna aliyejua kwamba tulikuwa tukifunga fundo la mwisho katika kamba ya ugonjwa ule.

Kamba yenyewe ni hii. Yuko tegu mdogo sana aishiye ndani ya utumbo wa mbwa. Tegu wengine ni warefu kama ukanda wa kiuno, lakini huyu urefu wake ni milimita chache tu, na mbwa mmoja aweza kuchukua maelfu. Tegu hutoa mayai, mayai hutoka na kinyesi cha mbwa, hushika majani, mchanga, manyoya na maji. Mbuzi, kondoo au ngamia akiyala, yai hupasuka, kijidudu hupenya hadi ini au mapafu, nacho hujijengea kifuko cha maji kinachokua polepole mwaka hata mwaka. Mbwa akila kifuko hicho, tegu wapya huzaliwa tumboni mwake. Mwanadamu hana nafasi katika mzunguko huu. Huingia kwa bahati mbaya tu. Akimeza yai, mwili wake hutendwa kama mwili wa mbuzi.

Basi kwetu Turkana bahati mbaya hiyo ilikuwa imekaribishwa nyumbani. Maji yalikuwa adimu, na mtoto mchanga alipojichafua, mbwa aliitwa amlambe, akawa safi. Nimeona ndugu yangu akilambwa hivyo mara nyingi, naye akicheka kwa kutekenywa. Hatukuona aibu, mbwa alikuwa yaya wetu. Mbwa alilala ndani na mama na mtoto, akalamba vyombo, akalinda boma. Ndiyo maana wagonjwa wengi walikuwa wanawake. Wataalamu waliopima habari hizi katika miaka ya 1980 walikuta kwamba kaskazini-magharibi mwa Turkana palikuwa na ugonjwa huu kuliko karibu mahali pengine popote duniani palipopata kuchunguzwa: wagonjwa wapya zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila watu 100,000.

Mumewe mama mkubwa, baada ya kukata tamaa na waganga, alimpeleka kwenye kituo kimoja cha tiba ambacho sitakitaja. Alichukuliwa damu. Baada ya majuma kadhaa likaja jibu kwamba kipimo hakikuona ugonjwa. Fikiri, msomaji, maneno hayo yalivyoingia masikioni mwa watu waliokwisha kumshuku. Damu yake imesema hana kitu! Basi tumbo lile ni la nini? Alirudi Kakuma akiwa mnyonge kuliko alivyoondoka, na kwa muda mrefu hakwenda kisimani mpaka wenzake wamekwisha kuondoka.

Mpimaji yule hakukosea. Kosa lilikuwa katika swali alilouliza. Kipimo chake kilitafuta kingamwili, yaani zile askari ambazo mwili huziunda zenyewe unapovamiwa. Aliuliza, "Je, mwili wa mama huyu umemwona adui?" Na damu ilijibu, "La." Ilikuja kujulikana katika miaka ile ile kwamba wagonjwa wengi wa Turkana, wenye vifuko vikubwa visivyo na shaka, damu zao hazikuonyesha askari hao, au zilionyesha wachache mno. Kifuko kina ukuta mnene, na mwili waweza kuishi nacho miaka mingi kana kwamba haukijui. Kwa hiyo kutoona askari si ushahidi kwamba adui hayupo. Somo hili limenikaa rohoni katika kazi yangu kuliko yote niliyosomeshwa chuoni.

Jibu la kweli lilikuja mwaka 1986, juu ya gari lililojaa vumbi. Shirika la AMREF, lile lenye madaktari warukao kwa ndege, lilikuwa limeanza tangu mwaka 1983 mpango wa kuupiga vita ugonjwa huu Turkana, na miongoni mwa zana zao walikuwa na mashine ionayo ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti. Wakati huo ilikuwa kitu kipya hata katika hospitali kubwa, nao waliichukua mpaka chini ya miti. Mama mkubwa alilazwa juu ya turubai. Nilikuwako, nikichungulia kati ya miguu ya watu wazima. Kwenye kioo lilionekana duara jeusi, na ndani yake maduara mengine madogo.

Mtu wa mashine akasema kwa upole, kwa mdomo wa mkalimani, "Mama, huna mimba. Una mfuko wa maji katika ini, na ndani yake mna mifuko mingine."

Mama mkubwa akakaa kitako, akafunga shuka yake, akasema, "Kumbe sikusema uongo."

Hakuuliza kama atakufa. Hilo lilikuja baadaye. Neno lake la kwanza lilikuwa lile, akalisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. Alipasuliwa katika mwaka huo huo. Upasuaji wenyewe una hatari, maana kifuko kikipasuka ndani ya tumbo maji yake yaweza kumwangusha mgonjwa papo hapo, na mbegu zake zikatawanyika na kuota upya. Daktari alionyesha jamaa zake vifuko vidogo vilivyotolewa. Vilikuwa laini na vyeupe, kama mayai ya ndege yasiyo na ganda. Mwaka 1988 mama mkubwa alizaa binti. Tafadhali mkumbuke binti huyo.

Sasa nije kwa mavi ya mbwa. Usikunje uso, msomaji. Hapa ndipo elimu ilipo. Siku zile walipita watu katika maboma wakiokota kinyesi cha mbwa na kuzoa mchanga, wakivitia katika vichupa vyenye maandishi. Sisi watoto tulianguka kwa kicheko. Tuliwafuata nyuma tukiwaonyesha vinyesi vingine, wao wakitushukuru kwa adabu, na jioni tuliwaigiza mbele ya wazee. Ilinichukua miaka ishirini kuelewa walichokuwa wakitafuta.

Shida yao ilikuwa kama shida ya baba yangu pale kisimani. Mbwa ana tegu wa aina nyingi. Yai la tegu mdogo wa vifuko lina upana wa sehemu tatu au nne hivi katika mia za milimita moja, na ukiliweka chini ya hadubini karibu na mayai ya jamaa zake, tegu wengine wa mbwa wasiomdhuru mtu kama yeye, huwezi kuyatenga. Umbo ni moja, ganda ni moja, rangi ni moja. Ukiona yai katika mchanga wa nyumba, huwezi kusema kama nyumba ile imo hatarini au haimo. Alihitajiwa mchungaji wa kutazama masikio.

Mchungaji huyo alikwisha kupatikana, mbali sana na Turkana. Katika mji wa Cambridge nchini Uingereza walikuwako watu wawili: César Milstein, mzaliwa wa Argentina aliyeihama nchi yake baada ya wanajeshi kupindua serikali, na Georges Köhler, kijana kutoka Ujerumani. Swali lao lilikuwa la ilimu tupu. Hawakuwa wakitafuta dawa. Wao walijua, kama walivyojua wengine, kwamba mnyama akidungwa kitu kigeni, seli zake fulani huunda kingamwili za kukishika kitu hicho. Kitu hicho kigeni huitwa antijeni, na tuseme ni alama. Kila seli huunda kingamwili ya namna moja tu, yenye kushika pembe moja ya alama. Lakini katika damu zimo seli maelfu kwa maelfu, na kingamwili zao huchanganyika kama mifugo ya maboma saba. Ukitaka kuitenga seli moja na kuilea ndani ya chupa, hufa baada ya siku chache.

Kwa upande mwingine iko seli isiyokufa, nayo ni ya saratani. Ipo saratani inayozipata seli hizo hizo ziundazo kingamwili, na seli zake zikitiwa chupani huzaana bila ya kikomo. Köhler na Milstein waliziunganisha mbili hizi. Walimdunga panya chembe nyekundu za damu ya kondoo, wakachukua seli za wengu wake, wakaziyeyusha pamoja na seli za saratani zikawa kitu kimoja. Mtoto aliyezaliwa alirithi kwa mzazi mmoja ujuzi wa kuijua alama, na kwa mzazi wa pili uhai usiokoma. Kisha waliwatenga watoto hao, kila mmoja katika kishimo chake, ili kila ukoo utoke kwa seli moja. Kingamwili zitokazo katika ukoo mmoja zote ni sawasawa, kama nakala za kitabu kimoja. Ili kujua kama wamefaulu, waliziweka seli hizo katikati ya chembe za damu ya kondoo na kungoja. Palipokuwa na kingamwili ya kweli, chembe zilipasuka pakabaki duara jeupe, na maduara yalionekana mengi. Habari hiyo ilichapishwa mwezi wa Agosti 1975 katika gazeti la Nature, kurasa chache tu. Hawakuchukua hataza ya kuzuia wengine, na kwa hiyo yeyote aliyetaka aliweza kuitumia njia yao. Mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne.

Angalia tarehe hiyo. Mwaka wanasayansi wale walipopewa heshima yao ndio mwaka tumbo la mama mkubwa lilipoanza kuvimba, na baada ya miaka miwili tu chombo chao kilikuwa kimekwisha kufika kwenye vinyesi vya mbwa wetu. Mwaka 1986 wataalamu Craig, Macpherson na Nelson waliandika kwamba wamepata kingamwili ya ukoo mmoja iliyojua kijidudu kilichomo ndani ya yai la tegu yule. Waliipaka rangi ing'aayo chini ya mwanga maalumu. Yai likiwa lake, huwaka. Likiwa la jamaa zake, hubaki kiza. Mwaka 1988 wao na mwenzao mmoja walieleza jinsi walivyoyatambua mayai hayo katika mbwa wa Turkana na katika mazingira ya makazi yetu. Walichokuwa wakikitia katika vichupa, huku sisi tukicheka, kilikuwa ni mchanga wa mahali tulipolala.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba hatari iko kwa mbwa wa jirani tu. Mpango ule uliwapa mbwa dawa, ukawaua wale wasio na wenyewe, ukawafundisha watu kufukia au kuchoma maini yenye vifuko, na kunawa kwa maji machache yaliyopo. Mbwa wetu mwekundu alimeza dawa mara kadhaa kwa hasira nyingi. Mama yangu aliacha kumwita alambe watoto. Nyanya yangu hakuacha, na kwa jambo hilo hawakusemezana mvua nzima. Ugonjwa umepungua sana kuliko ulivyokuwa, ingawa haujaondoka, na mimi siamini kwamba utaondoka mahali ambapo maji ya kunawa ni mbali kuliko mbwa.

Sasa watumishi wa ukoo mmoja wamejaa katika maabara yangu. Upime malaria, msomaji, kama walivyopimwa maelfu wa Lodwar, wa mji wa Kakuma, na wa kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa huko mwaka 1992. Tone la damu huwekwa mwanzoni mwa ukanda. Hapo pana kingamwili zilizofungwa punje ndogo mno za dhahabu, ambazo kwa udogo wake huonekana nyekundu. Kama damu ina protini ya kimelea, kingamwili huishika na kutembea nayo. Mbele yake zimewekwa kingamwili nyingine, zilizogandishwa katika mstari, nazo hushika protini ile ile kwa upande wa pili. Mzigo hukwama hapo, dhahabu hulundikana, na mstari mwekundu huonekana katika muda wa dakika kumi na tano au ishirini. Kipimo cha mimba kiuzwacho madukani ni ndugu yake huyo. Mara nyingine ninapokishika hufikiri: kama kingekuwako Kakuma mwaka 1984, mama mkubwa asingeitwa mwongo, au pengine angeitwa mwongo mapema zaidi, sijui.

Maana mtambuzi wa alama moja ana udhaifu wake, nao ni huo huo wa kujua alama moja. Mchungaji ajuaye sikio lililokatwa hawezi kumtambua mbuzi wake siku sikio likiliwa na fisi. Wako vimelea vya malaria vilivyopoteza urithi wa kuunda protini inayotafutwa na vipimo vingi. Kwa hivyo mgonjwa hutetemeka kwa homa na ukanda husema hana kitu. Eritrea ililazimika kubadili vipimo vyake mwaka 2016 kwa sababu hiyo. Kinyume chake, mtu aliyekwisha kupona aweza kubaki na protini hiyo katika damu kwa majuma, na ukanda ukamshitaki kwa kosa la mwezi uliopita. Vijana niwafundishao kazi huniona mkaidi ninapowaambia wamtazame mgonjwa kabla ya kuutazama ukanda. Na waniite mkaidi.

Ugumu huo huzidi tunapofika kwenye saratani. Adui wa malaria ni mgeni. Ana sura yake. Seli ya saratani ni mtoto wa nyumba aliyeasi. Alama zake nyingi ni zile zile za seli njema, ila zimezidi, au zimetokea mahali pasipostahili. Kwa mfano, iko protini iitwayo HER2 ambayo hukaa juu ya seli nyingi za mwili, lakini katika saratani za matiti, karibu moja katika kila tano, hujaa kupita kiasi. Kipande cha nyama hukatwa chembamba kuliko karatasi, hupakwa kingamwili ya kuijua HER2, na palipo na wingi wake huonekana rangi ya kahawia kuzunguka kila seli. Tangu mwaka 1998 iko dawa ambayo yenyewe ni kingamwili ya alama hiyo hiyo, kwa hiyo kujua rangi ile si udadisi tu. Ndiko kujua kama dawa itafaa. Pia iko alama iitwayo CA-125, iliyogunduliwa mwaka 1981 kwa kingamwili ya ukoo mmoja huko Boston, Marekani. Huzidi katika damu ya wanawake wengi wenye saratani ya mifuko ya mayai. Huzidi pia katika mimba. Huzidi pia katika kifua kikuu cha tumbo, na kifua kikuu hapa Turkana si mgeni.

Nimetaja alama hiyo kwa sababu maalumu. Mwaka 2024 yule binti wa mama mkubwa, dada yangu kwa desturi yetu, alishuka kwenye gari kutoka Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, akaja moja kwa moja nyumbani kwangu Lodwar. Alikuwa amekonda usoni na mikononi, na tumbo limejaa. Nilipomwona akivuka kizingiti niliona mama yake. Sikuweza kumwamkia kwa muda.

Alipigwa picha kwa mawimbi ya sauti. Hapakuwa na duara jeusi. Palikuwa na maji yaliyoenea tumboni, na unene usio wa kawaida katika utando. Damu yake ilipimwa CA-125, na hesabu ikawa juu sana. Mganga kijana aliyekuwa zamu, mtu mwema, aliisoma karatasi akanitazama kwa huruma, nami nikajua neno lililokuwa kichwani mwake.

Dada yangu akaniuliza jioni, "Kaka, wewe unazijua karatasi hizi. Hiyo inasema nini?"

Nikamwambia, "Inasema imeona alama."

"Alama ya nani?"

"Hilo haisemi. Yaweza kuwa saratani. Yaweza kuwa kifua kikuu, na hicho kina dawa ya miezi sita. Karatasi hii haiwezi kuvitenga."

"Nani anaweza?"

Nilimweleza kwamba itachukuliwa nyama kidogo kutoka katika ule utando, ipelekwe Eldoret, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, na huko mtaalamu ataikata vipande vyembamba, atazame umbo la seli zenyewe, na ikihitajika azipake kingamwili moja baada ya nyingine, kila moja na alama yake, mpaka aridhike. Sikumwambia kwamba nimeomba iwe kifua kikuu. Sijapata kuuombea mtu ugonjwa kabla ya siku ile.

Kipande kiliondoka Lodwar siku ya Jumanne, ndani ya kichupa cha fomalini, kimefungwa barabara. Niliandika jina lake mwenyewe juu ya kichupa, kisha nikalisoma tena mara tatu, kama mtu asiyeamini mkono wake. Tuliambiwa tungoje majuma mawili.

Siku ya tisa tulikuwa tumekaa nje jua lilipokuwa likizama nyuma ya vilima, upepo wa Turkwel umeanza kupoa. Mjukuu wangu alikuwa amelala juu ya mkeka karibu na miguu yake. Nikamwambia, kwa kutafuta neno la kusema, kwamba mama yake aliwahi kungoja miaka miwili.

"Najua," akajibu. "Alinisimulia. Alisema kungoja hakukuwa kubaya kama kutoaminiwa."

Mbwa wa jirani akaja polepole kutoka upande wa jikoni, akanusa hewa, akausogelea mkeka. Dada yangu hakuinuka. Alivua kandambili yake moja, akamtupia; ikampata ubavuni. Mbwa akakimbia mpaka kwenye ua, akakaa huko akitutazama. Akaninyoshea mkono nimwokotee kandambili, nami nikamwokotea.